Kabla ya Kuliinua Gari, Lipeleke Mizani

Mtu akinunua Land Cruiser au Prado ya mtumba kwa ajili ya safari za porini, jambo la kwanza analompelekea fundi huwa ni kimo. "Fundi, niinulie inchi nne, halafu nifungie zile tairi zenye meno." Gari likitoka gereji linapendeza kwelikweli. Likirudi kutoka Serengeti, shokapu mbili zinavuja mafuta, kila nati imelegea, na mwenye gari analalamikia barabara. Barabara ni mbovu, hilo halina ubishi. Ila pesa nazo zilianza kutumika kwa kinyumenyume.

Cha kuanza nacho ni uzito. Pakia gari vile litakavyosafiri: matangi yamejaa, hema liko juu ya paa, friji, spea mbili na watu wako ndani. Lipeleke kwenye mizani, uombe lipimwe ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Wengi hushangaa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ya dizeli ni kama gramu 840. Tangi la ziada la lita 90 pamoja na madumu mawili ya maji ya lita 20 tayari ni zaidi ya kilo 115, kabla hujahesabu vyombo vyenyewe. Zile namba mbili za mizani ndizo zitakazokuchagulia matairi, upepo, springi na shokapu. Bila hizo, wewe na fundi mnakisia tu.

Tuje kwenye matairi. Chuchumaa usome ubavu wa tairi badala ya kutazama meno yake. Tuseme limeandikwa LT235/85R16 120/116Q. Upana ni milimita 235, kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana huo, yaani karibu milimita 200, na rimu ni ya inchi 16. Namba 120 inamaanisha tairi moja linaweza kubeba kilo 1,400 likiwa na upepo wake kamili, na Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Tairi la gari dogo lenye mwonekano huohuo wa kiporini linaweza kuwa na namba 112, ambayo ni kilo 1,120. Linganisha na namba ya mizani ya ekseli ya nyuma, gawanya kwa mbili, uone umebakiza nafasi kiasi gani. Ubavu mrefu ni rafiki wa barabara mbovu, kwa sababu ndio unaojikunja jiwe linapopiga. Rimu kubwa ya inchi 20 yenye tairi la ubavu mfupi ni ya kutembelea mjini.

Kwenye ubavu huohuo tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikisomeka 3418, tairi lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2018. Hapo ndipo tairi la mtumba lenye meno mazima linapoumbuka: mpira hukakamaa na kupasuka hata bila kutembea. Tairi la miaka kumi mimi silifungi, hata nikipewa bure.

Baada ya hapo ndipo meno yanapopata nafasi yao. Herufi HT ni za lami, AT ni za kuchanganya, MT ni za tope. Watu wengi wanaotaka MT wanahitaji AT. Ukitoka Arusha, lami inakufikisha hadi geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kwenye lami hiyo, mvua ikinyesha, tairi la MT linashika breki vibaya kuliko AT, linapiga kelele na linakula mafuta. Faida yake ni nafasi pana kati ya meno: gurudumu likizunguka, tope linarushwa nje badala ya kuziba. Kwa mtu anayekaa na kufanya kazi kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, MT ina maana. Kwa mwenye safari za kiangazi, haina. Na hata huyo wa masika ajue kwamba udongo ule ukishalowa sana hauna chini. Hapo dawa ni kusubiri jua.

Upana nao unawadanganya wengi. Tairi jembamba hukata tope jepesi likafika kwenye ardhi ngumu iliyo chini, ndiyo maana magari ya miradi na mashirika yametembea miaka mingi na 7.50R16 za tyubu. Mchangani unahitaji eneo kubwa la kugusa ardhi, lakini eneo hilo linapatikana zaidi kwa kupunguza upepo kuliko kwa kununua tairi pana, kwa kuwa tairi lililopunguzwa upepo hurefuka chini kuliko linavyotanuka.

Kwa hiyo geji nzuri na kompresa ndogo ndivyo vifaa bora kuliko vyote nitakavyovitaja hapa, na ndivyo vya bei ndogo. Kwenye vumbi na changarawe punguza karibu robo ya upepo wa lami. Kwenye mchanga mzito shuka hadi psi 18 au 16, lakini mwendo nao ushuke, na usikate kona ghafla, la sivyo tairi litachomoka kwenye rimu. Mwenye tyubu asishuke hivyo, kwa sababu tairi likiteleza kwenye rimu linaivuta tyubu na kung'oa valvu. Ukirudi kwenye lami, jaza. Kuna kipimo wanachokitumia madereva wa safari ndefu: pima asubuhi tairi likiwa baridi, kisha pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Kwenye lami upepo ukiwa umepanda kama psi 4, uko sawa. Ukiwa umepanda psi 9 au 10, usitoe upepo! Tairi limepata moto kwa kujikunja sana, maana yake ulianza na upepo mdogo mno kwa mzigo ule au unakimbia mno.

Sasa tuingie kwenye ile barabara iliyojikunja kama bati. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha majaribio yaliyoonyesha jinsi mikunjo hiyo inavyozaliwa: inatosha kuwa na gurudumu linalobingirika, chembe zisizoshikana, na mwendo uliozidi kiwango fulani. Greda likipita leo, magari yatairudisha. Basi fanya hesabu. Ndani ya Serengeti mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Mikunjo ikiwa na nafasi ya sentimita 70, kila gurudumu linapigwa karibu mara 20 kwa sekunde, zaidi ya mara 70,000 kwa saa. Anayepokea mapigo hayo na kuyageuza kuwa joto ni shokapu. Springi inabeba gari. Shokapu ndiyo inayoizuia springi isiendelee kuruka. Mafuta yaliyo ndani yakichemka na kuchanganyika na hewa hugeuka povu, na povu halizuii kitu. Gari linaanza kuteleza kwa ubavu kwenye kona huku dereva akidhani ni usukani.

Ukisimama baada ya kipande kirefu cha bati, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila shokapu bila kuigusa. Zote zinapaswa kutoa joto, na za ekseli moja ziwe zinakaribiana. Iliyopoa wakati mwenzake inaunguza ndiyo iliyokufa: haifanyi kazi, ndiyo maana haina joto.

Dukani utakutana na aina mbili. Ya bomba moja, yenye gesi ya naitrojeni, hupoa haraka kwa sababu ukuta wake wa ndani ndio huohuo unaopigwa na upepo wa nje. Ubaya wake ni kwamba jiwe likiubonyeza ukuta huo, pistoni inakwama, nawe umekwisha. Ya mabomba mawili huchelewa kupoa, lakini inavumilia kubonyezwa. Kwa njia za mawe ya volkano, kama zile za Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, ningechukua ya mabomba mawili iliyo nene au ningeikinga ya bomba moja kwa bamba la chuma. Kwa bati la siku nzima, ya bomba moja.

Springi zichaguliwe kwa mzigo wa kila siku, si wa safari moja ya Desemba. Springi ya kilo 300 za ziada ndani ya gari tupu hairuhusu gurudumu kufuata ardhi. Gurudumu linaruka, mshiko unapotea, abiria wanaumwa viuno. Kuongeza chuma kimoja kwenye springi za nyuma za Land Cruiser, kama gereji nyingi zinavyofanya, ni nusu ya kazi, kwa sababu springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi na shokapu ya zamani haiwezi kuizuia. Badilisha vyote viwili pamoja.

Na kile kimo? Kwenye ekseli ngumu, springi ndefu haziinui difu hata milimita moja, kwani difu iko kwenye ekseli, na ekseli iko kwenye magurudumu. Kinachoiinua ni tairi, tena kwa nusu tu: tairi lililoongezeka kipenyo milimita 50 linainua difu milimita 25. Mbele ya Prado ni tofauti, difu ya hapo imefungwa kwenye fremu na itapanda, lakini viungo vya ekseli vitakunjika kwa pembe kali na mipira yake itachanika mapema. Milimita 50 za kuinua zinatosha kwa karibu kila mtu, hasa aliyeweka hema juu ya paa. Zaidi ya hapo unaanza kununua mabomba marefu ya breki na kurekebisha pembe za magurudumu ya mbele ili gari lisitangetange.

Siku ya kufunga, baki gereji. Bushi za mpira hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likishuka chini zinabaki zimejipinda, na zitachanika ndani ya muda mfupi. Mwambie fundi azishike tu kwa nati, ashushe gari, mlitikise, ndipo akaze. Zile yuboliti za springi za nyuma zikazwe upya baada ya kilomita 500.