Ukibadili taimingi belti, badili na wota pampu

Nyumbani Tunduma tuna Noah ya zamani, injini 3S. Inapiga ruti hadi Vwawa, na ada yangu inatoka humo. Likizo hii mimi na kaka tuliibadilishia taimingi belti wenyewe, uani. Jirani akauliza: wota pampu haivuji, ya nini kuigusa?

Iko hivi. Kwenye 3S, pampu inazungushwa na mkanda huohuo, na kuifikia ni lazima ufungue kila kitu. Ikija kuvuja baadaye, maji yanaharibu mkanda mpya na kazi unaianza upya. Mkanda ukikatika, injini inazima hapohapo, hata kama uko mlima Senjele na abiria ndani.

Utaratibu: injini ipoe, chomoa waya wa betri, mwaga maji ya rejeta. Panga alama za krenki na kamshafti kabla ya kutoa mkanda. Beringi zake nazo badili. Ukishafunga, zungusha krenki kwa spana mizunguko 2 kamili. Alama zikikaa sawa, ndipo upige stata. Zikipishana, fungua tena.

Muda wake ni kilomita 100,000. Ila gari la mtumba, ndugu yangu, kilomita za kwenye dashibodi usiziamini: fungua kava, uukague mkanda wenyewe.