Umesomea kuendesha chuo? Haya, kaa dirishani!

Mpenzi msomaji, nikikwambia nimesomea uongozi wa elimu ya juu utadhani mimi ni profesa. Thubutu! Mimi ndiye yule wa dirishani, unayemfokea jina lako lisipoonekana kwenye orodha ya udahili.

Tuliohitimu pamoja tumetawanyika. Mmoja yuko Bodi ya Mikopo, mwingine Tume ya Vyuo Vikuu. Vyombo vyote viwili vilianza kazi 2005. Mama zetu wasingezipata nafasi hizo. Kuanzia 1970 nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam, mpaka Sokoine ilipopanda hadhi 1984.

Ninayemvulia kofia ni shoga yangu aliye ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Saa nane za usiku simu inalia: binti kashikwa na uchungu bwenini, au kijana kafiwa na mama yake na nauli hana. Darasani hayo hatukufundishwa, jamani. Kule tulisoma bajeti na sheria.

Tatizo letu ni ngazi. Unapanda, unapanda, halafu unagota: viti vya juu mara nyingi hukaliwa na wahadhiri wenye uzamivu, hata kama faili zote unazijua wewe. Ndiyo maana nimejaza fomu ya uzamivu. Baba watoto kanuna wiki nzima, eti pesa ya bati inakwenda kwenye ada. Juzi tukaafikiana: mwaka huu tunaezeka vyumba viwili, sebule baadaye.