London: Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hudhani kuwa London pesa huokotwa barabarani. Wapi! Nilikaa huko Desemba moja kwa shangazi na mumewe, nikajionea.

Shangazi huwatunza wakongwe usiku kucha. Mumewe huendesha basi mchana. Hukutana mlangoni alfajiri, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Mengine huandikiana karatasi na kuibandika kwenye friji: "Mchuzi umo sufuriani. Nimelipa stima." Ni Jumapili tu wanapokula ugali pamoja.

Desemba huko jua hutua kabla ya saa kumi jioni. Shangazi, alalaye mchana, siku nyingine halioni kabisa. Nazo saa hazilingani: majira ya baridi Kenya iko mbele kwa saa tatu, kiangazi kwa saa mbili. Nyanya alipozidiwa, tulipiga simu asubuhi, kumbe shangazi ndiyo kwanza amelala. Alipoamka na kutupigia, mamake alikuwa ametutoka.

Karo yangu hutoka kwao kila muhula. Zamani niliipokea kama haki yangu. Siku hizi najua imelipwa kwa usingizi wa nani.