Masika hayangoji: gari ni amana, tulitayarishe kabla ya mvua

Njia itokayo mjini Chake Chake kuelekea bandari ya Wesha si ndefu. Siku za jua dereva huimaliza kwa muda mfupi, huku abiria wake, wavuvi, wachuuzi, wanafunzi na wageni wanaokwenda kupanda boti za kisiwa cha Misali, wakizungumza bila ya wasiwasi. Lakini zinapofunguka mvua za masika, mwendo ule ule huwa mtihani. Maji huteremka kutoka vilimani, tope jekundu hutandaa juu ya lami, na kioo cha mbele hugeuka pazia.

Mabaharia wa Kiarabu walikiita kisiwa hiki Al-Khadhraa, yaani cha kijani, na hawakukosea. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na ardhi yake ni ya vilima na mabonde yanayofuatana. Neema hiyo ndiyo inayostawisha mikarafuu yetu, na hiyo hiyo ndiyo inayofanya breki mbovu, ambayo kwengine ingekuwa usumbufu tu, iwe hatari kwetu. Masika yenyewe hayatujii kwa kushtukiza. Huanza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, kama vile vuli inavyojulikana kuwa ni Oktoba hadi Disemba.

Jamaa zetu wanaoishi katika nchi za baridi wanatupa somo katika jambo hili. Huko Quebec, Kanada, sheria humlazimisha mwenye gari kufunga matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Disemba hadi tarehe 15 Machi. Hangojei theluji ianguke ndipo aende gereji. Sisi hatuna theluji wala sheria ya namna hiyo, lakini tunayo kalenda ya mvua tuliyorithi kwa wazee wetu. Kwa nini basi wengi wetu humtafuta fundi baada ya ajali, na si kabla ya mvua?

Aghalabu jibu linalotolewa ni kwamba ajali ni kadari, na mja hana budi kutawakali. Kauli hiyo ni ya kweli katika asili yake, lakini hutumiwa pasipo mahali pake. Imepokewa katika mkusanyiko wa Imam Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na kutawakali. Alielekezwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Gari ndilo ngamia wetu wa leo. Dua ya safari husomwa baada ya tairi kukaguliwa, haisomwi badala yake.

Matairi na breki

Kazi ya mifereji ya tairi ni kuyatoa maji kati ya mpira na barabara. Kashata zikiisha, maji hukosa pa kupitia, tairi huelea juu yake, na usukani hauliongozi gari tena. Ndani ya mifereji hiyo mna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, kilichobaki ni milimita 1.6 tu, na tairi hilo limekwisha. Kwa barabara ya mvua tunashauri mtu asingoje kufika hapo, bali abadilishe zinapobaki milimita 3.

Lipo jambo jengine lisilojulikana na wengi. Magari yetu mengi hununuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na baadhi yake hutoka katika mikoa ya theluji yakiwa na matairi ya baridi. Ukiona ubavuni neno STUDLESS, au alama ya theluji ndani ya mlima, ujue mpira wake ni laini, uliotengenezwa kwa ajili ya barafu. Katika joto letu tairi hilo huisha upesi, na katika lami iliyorowa huchelewa kulisimamisha gari. Upya wake wa macho usikudanganye. Tazama pia tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama haukutembea.

Ama breki, tusiangalie pedi peke yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakishika maji huchemka mapema breki inapopata moto. Dereva anayeteremka kilima kirefu na abiria kumi na tano huenda akakanyaga pedali akaikuta haina nguvu. Mafuta haya yabadilishwe kwa wakati wake, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari.

Kuona na kuonekana

Waipa ni mpira mdogo wa bei nafuu, lakini dereva asiyeona mbele ni sawa na aliyefumba macho. Zikianza kuacha michirizi ya maji kiooni, zibadilishwe. Taa zote ziwake, za mbele, za nyuma na za breki, na ziwashwe mvua inaponyesha hata ikiwa ni mchana. Vioo vikifanya ukungu kwa pumzi za abiria, kipoza hewa huukausha. Kama hakifanyi kazi, madirisha yafunguliwe kidogo. Kuupangusa kwa kitambaa huku gari likienda ni kuondoa mkono na fikra katika usukani.

Chumvi na maji ya rejeta

Gari lililotembea katika theluji ya Japani huenda likaja na kutu chini ya bodi, kwani huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Likifika Wesha hukutana na chumvi nyengine, ya upepo wa bahari. Kabla ya masika liinuliwe, fundi alitazame chesisi na mabomba ya breki, kisha lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Na anayefika bandarini kila siku aufanye uoshaji huo kuwa ada.

Kadhalika, rejeta isijazwe maji ya kisima chenye chumvi. Dawa ya rejeta hudhaniwa kuwa ni ya nchi za baridi tu, kwa vile huzuia maji kuganda. Lakini hiyo hiyo huyafanya maji yachelewe kuchemka na huikinga injini na kutu, kwa hiyo mtu wa Pemba anaihitaji kama anavyoihitaji mtu wa Quebec. Vichwa vya betri navyo visafishwe ule unga mweupe, vikazwe na kupakwa grisi.

Mkono wa tajiri

Yote haya yana gharama, na hapa ndipo lilipo tatizo. Dereva wa daladala aghalabu si mwenye gari. Kila jioni anatakiwa apeleke hesabu kwa tajiri wake, na anachobaki nacho ndicho chakula cha watoto. Akisema tairi limekwisha, huambiwa avute wiki mbili tatu. Akisema mvua ni kubwa, huulizwa mbona fulani ametembea. Hivyo huondoka na tairi kipara, na anaowabeba ni mja mzito anayepelekwa hospitali, watoto wanaokwenda skuli na mzee anayerudi msikitini.

Tunasema kwa uwazi kwamba mzigo huu si wa dereva peke yake. Mwenye kupokea faida ya gari kila jioni anahusika na madhara yake pia, na Qur'ani imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe (Al-Baqara, 2:195). Ikiwa ni haramu kwa nafsi zetu, itakuwaje kwa nafsi za watu waliotulipa nauli wakatuamini? Tunashauri tajiri na dereva wakubaliane kabla ya masika kuweka kando sehemu ndogo ya hesabu ya kila siku kwa ajili ya matairi na breki tu. Wakubaliane vile vile kwamba siku ya mafuriko haina hesabu. Na abiria nao wana haki ya kuuliza, na wajibu wa kukataa kupanda gari lililojaa kupita kiasi.

Ujasiri wa kungoja

Hata gari lililotayarishwa vyema lina mpaka wake. Katika lami iliyorowa, masafa ya kusimama huzidi mara mbili ya yale ya ukavu. Basi mwendo upunguzwe na nafasi baina ya magari iongezwe. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 yanayokwenda mbio huyachukua magari mengi, hata yale makubwa tunayoyategemea. Usipoijua sakafu ya maji, usiingie. Injini ikizimika ndani yake usiiwashe tena, kwani maji hayabanwi kama hewa na yanaweza kuivunja kwa ndani. Na ukivuka salama, kanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke.

Kungoja si woga. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na hakuna aliyewaita manahodha waoga. Imepokewa pia kutoka kwa Ibn Umar na Ibn Abbas (R.A.) kwamba wakati wa mvua mwadhini huamrishwa awatangazie watu wasali majumbani mwao. Ikiwa ruhusa imetolewa katika kuiendea sala ya jamaa, ambayo ni bora kuliko biashara zetu zote, dereva aliyesimama nusu saa kando ya bonde akingoja maji yapungue ana hoja gani ya kuona haya? Na mke au mzazi anayemngoja nyumbani asimhimize kwa simu. Amwambie asubiri.

Ndugu msomaji, mwezi wa Februari ndio wa kumwona fundi. Kagua matairi, breki, waipa, taa, betri, rejeta na kutu, kisha washa gari kwa Bismillahi. Tunamwomba Allah aijaalie mvua ya mwaka huu iwe yenye manufaa, na awarejeshe salama kwa watu wao wote watakaosafiri ndani yake. Amin.