Neno 'hadi' na foleni ya intaneti mitaani

Kampuni ndogo za intaneti mitaani hulienzi mno neno "hadi". Mteja huuziwa kasi ya "hadi" megabiti 10 kwa sekunde, naye masikio yake hunasa kumi tu. Kisarufi, neno hilo hutaja ukomo. Halimwahidi mtu kima cha chini.

Si ulaghai kila mara. Tuseme kampuni imenunua megabiti 100 na kuwaunganisha wateja 40 kwa kasi hiyo. Mchana hapana alalamikaye, maana watumiaji ni wachache. Ifikapo saa mbili usiku, filamu zimefunguliwa kila nyumba na foleni imefurika.

Hapo ndipo busara ya fundi hupimwa. Data husafiri kwa pakiti ndogo ndogo. Pakiti za sauti ya simu huhitaji nafasi finyu, lakini zikichelewa hata nusu sekunde mazungumzo huvurugika. Filamu, kwa upande wake, hujiwekea akiba, hivyo yaweza kusubiri. Isitoshe, mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu iitwayo CoDel, ambayo huangusha baadhi ya pakiti mapema ili foleni isirefuke. Tangu mwaka huo imo katika Linux, bila malipo. Umaskini wa kampuni si kisingizio.

Kuitanguliza sauti, basi, ni haki. Kisichovumilika ni kumbana mteja kimyakimya. Katika mfano wetu, wote wakitumia kwa pamoja, kila mmoja hubakiwa na megabiti 2.5. Tarakimu hiyo iandikwe mkatabani, kando ya ile kumi ya matangazo, na kwa herufi za ukubwa ule ule.