Je, wajua ekari ya migomba inameza madebe mangapi ya nyasi?

Ukimuuliza mkulima wa Ngara, mkoani Kagera, shamba lake linahitaji matandazo kiasi gani, huenda akakujibu: "Mpaka udongo usionekane." Jibu si baya, ila macho hudanganya. Nyasi zinazouficha udongo leo, ukizikanyaga unaweza kukuta kina chake ni sentimita 2 tu, na jua la Julai litaupata udongo huo bila shida. Matandazo hupimwa kwa kina. Kina kikishajulikana, iliyobaki ni hesabu ya shule ya msingi: eneo mara kina.

Chombo cha kupimia kipo nyumbani. Debe la lita 20, lililojazwa nyasi zikashindiliwa kidogo kwa mkono, linafunika mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 2. Tuta la mboga lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1 linatosheka na sentimita 5, kwa sababu miche laini ikifunikwa mno huoza shingo. Hayo ni madebe 25. Migomba na kahawa hutaka zaidi, kama sentimita 10, yaani madebe 5 kwa kila mita ya mraba.

Sasa ingia kwenye ekari. Ina mita za mraba 4,047 hivi. Zidisha kwa 5 na utapata madebe zaidi ya 20,000. Lori la kubeba mita za ujazo 10 lingekwenda safari 40 hivi kwa ekari moja tu, na mwakani nyasi hizo zikiwa zimeoza au zimeliwa na mchwa, lianze tena.

Kwa nini basi kujisumbua? Pita kwenye shamba lililotandazwa vizuri saa saba mchana mwezi wa Agosti, ufunue nyasi kwa mkono. Safu ya juu ni kavu, inavunjika. Chini yake kuna majani meusi yaliyolowa, yameshikana, na chini zaidi udongo wa baridi wenye vinyesi vya nyungunyungu. Utaona pia mizizi myeupe ya mgomba imepanda juu kutafuta chakula kwenye majani yanayooza. Hatua chache pembeni, kwenye udongo mtupu, huwezi kusimama peku. Mvua nayo ina lake: tone kubwa hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa, na kwenye miteremko ya Ngara kila tone linalopiga udongo mtupu huurusha kuelekea bondeni. Tone hilo likipiga nyasi huvunjika, maji yakashuka polepole. Mvua ya milimita 30 ni lita 30 kwa kila mita ya mraba, na ni afadhali zinywewe na shamba kuliko kuishia mto Ruvubu.

Swali gumu ni nyasi zitoke wapi. Mashariki mwa Kagera, kule Bukoba na Muleba, Wahaya kwa vizazi vingi walikata nyasi kwenye rweya, yaani mbuga ya wazi, wakazipeleka kwenye kibanja chenye migomba. Kibanja kilinenepa na rweya ikakonda, kwa kuwa rutuba ilihama pamoja na nyasi bila kurudi. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, majani ya migomba huchukuliwa kutandazia kahawa, mgomba ukaachwa uchi. Wakulima wa kahawa wa Bugufi, wilayani Ngara, hawahitaji kufundishwa juu ya mvutano huo. Biharamulo kuna mapori mapana zaidi, lakini sehemu kubwa ya mapori hayo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na si mahali pa kwenda na panga. Kwingine moto wa kiangazi hupita mwezi Juni hadi Agosti na kugeuza matandazo ya wilaya nzima kuwa majivu. Mimi naona moto huo ndio hasara kubwa kuliko zote, kwa kuwa unateketeza kile kile ambacho mkulima angekilipia vibarua wamkatie.

Kwa hiyo mwenye akili hatandazi ekari nzima. Migomba ikipandwa mita 3 kwa 3, ekari hubeba mashina 450 hivi. Zungushia kila shina duara lenye nusu kipenyo cha mita 1, ukiacha sentimita 30 za wazi kuzunguka shina lenyewe, maana fukusi wa migomba hupenda kujificha kwenye unyevu uliogusa shina. Duara hilo ni kama mita za mraba 2.9, sawa na madebe 14. Kwa mashina yote 450 ni madebe 6,300, chini kidogo ya theluthi ya hesabu ya kwanza. Mizizi ya mgomba huenda mbali zaidi ya hapo, ni kweli, lakini duara nene lina faida kuliko shamba zima lililonyunyiziwa nyasi.

Kabla ya kuagiza nyasi, toa kilichopo shambani: majani makavu ya mgomba, magogo yaliyopasuliwa baada ya kuvuna (yalaze kukinga mteremko), mabua ya mahindi, mabaki ya maharage yaliyopurwa. Ila mashina yenye mnyauko bakteria usihamishe hata jani moja. Kilichopungua ndicho cha kununua. Na kwa kuwa nyasi huuzwa kwa tita, si kwa debe, fungua tita moja, litandaze kwa kina cha sentimita 10, kisha pima eneo lililofunikwa. Likifunika mita za mraba 3, tita moja ni shina moja, na bei ya ekari unaijua papo hapo.

Muda nao ni mfupi. Nyasi zikatwe kabla hazijakomaza mbegu, la sivyo unapanda magugu kwa mkono wako. Zitandazwe mwezi Mei udongo ukiwa bado na maji ya masika, kwa sababu matandazo huhifadhi unyevu uliopo, hayauleti. Asiye na pa kukata apande mabingobingo au majani ya Guatemala kwenye kingo za makinga maji, yashike udongo na kumpa nyasi zake mwenyewe.

Kama fedha haitoshi, punguza idadi ya mashina, usipunguze kina. Mashina 20 yaliyo karibu na nyumba yanahitaji madebe 280. Anza na hayo Mei ijayo.