Sungura Mpelelezi: Hadithi za Wanyama na Utamaduni wa Jirani Darasani

Mwalimu wa Kiswahili mashariki mwa Uganda ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Anafundisha lugha, na pia anafundisha utamaduni wa watu ambao wengi wa wanafunzi wake hawajawahi kuwaona. Mtoto wa mtaa wa Namakwekwe, mjini Mbale, anaweza kusikia Lumasaaba nyumbani, Luganda sokoni, Ateso kwa jirani na Kiingereza shuleni. Kiswahili anakutana nacho zaidi kitabuni, na kitabu chenyewe kinamtajia bahari, majahazi na kanga. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Swali linalobaki ni la darasani: tumpe mtoto huyu kitu gani asome kwa hamu?

Makala haya yanapendekeza hadithi za upelelezi ambazo mpelelezi wake ni mnyama anayesafiri kwenda kwa watu wengine. Tutaeleza asili yake, namna zinavyofanya kazi, na hatari moja ambayo mwalimu hana budi kuiepuka.

Asili yake

Wengi hudhani kwamba hadithi za aina hii ni mali ya Ulaya. Ni kweli kwamba huko zimeandikwa nyingi. Mwandishi wa Marekani Eve Titus alianza mwaka 1958 kuandika visa vya Basil, panya mpelelezi anayeishi chini ya nyumba ya Sherlock Holmes mjini London, na mwaka 1976 akampeleka Mexico. Lakini wanyama walichunguza kesi zamani sana kabla ya hapo. Katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikiandika kwa Kiarabu katika karne ya 8 kutokana na visa vyenye asili ya Bara Hindi, mbweha Dimna anamfitini ng'ombe kwa simba mpaka ng'ombe anauawa. Katika sura iliyoongezwa kwenye maandiko ya Kiarabu, Dimna anashtakiwa. Chui alisikia maneno usiku, lakini ushahidi wa mmoja hautoshi. Anahitajika wa pili. Msomaji anayetaka kufuata kesi hiyo hujifunza, bila kuhubiriwa, jinsi jamii ile ilivyopima ushahidi.

Visa vya ukoo huo vilifika pia pwani yetu. Kisa cha Punda wa Dobi, chenye kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, kimo katika mkusanyiko wa hadithi za Zanzibar alioutoa Edward Steere mwaka 1870. Upelelezi wa kisasa nao tulioneshwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kupitia Bwana Msa na kiko chake. Tukiongeza Sungura, ambaye Waganda humwita Wakayima, tutaona kwamba viungo vyote tunavyo.

Namna zinavyofanya kazi

Hadithi ya upelelezi ina sehemu tatu: tukio, vidokezo na ufumbuzi. Ikiwa tunataka ifundishe utamaduni, basi utamaduni uwe ndani ya kidokezo chenyewe. Haitoshi Sungura kupita Lamu na kutaja punda na vichochoro. Inafaa aone kitu, akisome kwa macho ya kwao, akosee, kisha arekebishwe na mwenyeji.

Tuchukue mfano. Sungura wa Mombasa anafika Mbale mwezi wa Agosti, mwaka wa Imbalu. Mfuko wa unga wa Mama Bata umepotea, na njiani kuna unga uliodondoka. Mara anapita kijana mwenye njuga mapajani na unga mwilini. Sungura anapiga kelele: "Mwizi huyo!" Mtoto wa Namakwekwe anayesoma atacheka hapo hapo. Yeye anajua kwamba Imbalu, jando la Wamasaaba, hufanyika kila baada ya miaka miwili, na kwamba vijana hupakwa unga uliokorogwa kabla ya kutahiriwa. Mzee mmoja anamweka Sungura chini na kumweleza: unga wa kijana ulipakwa na watu wa ukoo, hadharani, tangu asubuhi, nao umeshika mwilini. Unga wa njiani ni mkavu. Wanaufuata pamoja hadi kwenye shimo la Panya, jirani wa siku nyingi wa Mama Bata.

Sasa tugeuze safari. Sungura wa Mlima Elgon anakwenda Lamu kutafuta sahani ya fedha iliyopotea. Mama mwenye nyumba anampokea akiwa amevaa kanga yenye maneno "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Sungura anashtuka. Kama mwenyeji anahitaji kupona, basi kuna mgonjwa. Pengine amelishwa sumu! Anatafuta mgonjwa nyumba nzima, na hata chini ya kitanda, mpaka bibi wa nyumba anamweleza kwamba hiyo ni methali ya kumkaribisha yeye mwenyewe. Safari hii mtoto wa Namakwekwe amekosea pamoja na mpelelezi, na methali hiyo hataisahau.

Tazama faida ya mpangilio huu. Katika kisa cha kwanza mwanafunzi ndiye mjuzi, na ana sababu ya kusema kwa Kiswahili jambo ambalo kitabu hakijamwambia. Katika kisa cha pili yeye ndiye mgeni. Wazee wengi wa Uganda wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi, ya kuamrishia watu. Hapa mtoto anakikuta kikitumika kuuliza, kueleza na kuomba radhi.

Sarufi nayo inapata nafasi yake. Ushahidi hutaka -li- na -me-: "alipita" si sawa na "amepita". Kudhani hutaka -nge-: "Kama angekuwa mwizi, angekimbia." Kumtambua mtuhumiwa hutaka virejeshi: "aliyeonekana", "ulipodondoka", "ulioibwa". Mwalimu anaweza kusimama kabla ya ufumbuzi na kuwataka wanafunzi waandike nani wanamshuku na kwa sababu gani.

Hatari yake

Kila hadithi ya upelelezi huhitaji mtuhumiwa, na hapo ndipo pa kuangalia sana. Katika ngano zetu Fisi ameshahukumiwa kabla ya kesi kuanza. Darasani Mbale au Jinja huketi pamoja watoto wa Kimasaaba, Kisoga, Kiteso, Kinubi na wengine. Ikiwa Fisi siku zote ndiye mwizi, na mwandishi akampa Fisi lafudhi, vazi au chakula cha kabila fulani, tumewafundisha watoto kumshuku jirani. Hatutakuwa tumefundisha utamaduni hata kidogo.

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi. Anayeshukiwa kwa sababu ya ugeni wa mila zake asafishwe kwa kueleweka kwa mila hizo. Mkosaji wa kweli apatikane kwa ushahidi, na afadhali awe mtu wa kawaida anayefahamika na wote. Mpelelezi naye, akikosea, aombe radhi waziwazi.

Si lazima kusubiri kitabu kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Mwalimu aanze na kidokezo kimoja tu: awaulize wanafunzi ni jambo gani la kwao ambalo mgeni hulielewa vibaya. Majibu yatakuwa mengi, na kila moja ni mbegu ya hadithi. Wayaandike wawili wawili, wasomeane, wasahihishane. Mwisho wa muhula darasa litakuwa na kitabu chake lenyewe, na waandishi wake watakuwa wameketi madawatini. Kazi kwenu, walimu wenzetu.